Simon Ndiye Aliyepika

Katika filamu ya The Wedding Banquet ya mwaka 1993 kuna chakula kinachopikwa na mtu mmoja na sifa zake zikaenda kwa mwingine. Mzee Gao na mkewe wamesafiri kutoka Taiwan hadi New York kushuhudia mwana wao wa pekee, Wai-Tung, akioa. Bibi harusi ni Wei-Wei, mchoraji kutoka Shanghai, ambaye jikoni si mwenyeji. Anayekatakata, anayekaanga na kupakua ni Simon, Mmarekani ambaye wazee wameambiwa ni rafiki tu wanayekaa naye nyumba moja. Kumbe Simon ndiye mpenzi wa Wai-Tung. Nyumba wanayoitembelea ni yake na Wai-Tung, na picha za wawili hao zilishushwa ukutani kabla ndege ya wazee haijatua, mahali pake pakatundikwa maandishi ya Kichina yaliyoandikwa na Mzee Gao mwenyewe.

Nimetazama vichekesho vingi vinavyohusu mashoga, wasagaji na familia zao, vya Ulaya, vya Marekani na vya Asia, na nimejizoesha kuvipima kwa swali moja: kazi ya kuficha inamwangukia nani, na je, filamu inamwona mtu huyo? Vicheko vinaweza kuwa vingi, mavazi yakametameta, lakini kama mtu huyo haonekani, filamu kwangu haijafika. Hii ya mwongozaji Ang Lee inamwona. Ndiyo maana kila anayeniomba nimpendekezee kichekesho cha aina hii naanza nayo, hata kama imepita miaka zaidi ya 30.

Ang Lee alizaliwa Taiwan mwaka 1954, akaenda Marekani kusomea uigizaji na filamu. Alipomaliza chuo alikaa nyumbani miaka 6 bila kazi ya maana, anapika na kulea watoto, huku mkewe, mwanasayansi wa vijidudu, ndiye analeta mshahara. Mwaka 1990 alipeleka miswada 2 kwenye shindano la serikali ya Taiwan, ikashika nafasi ya kwanza na ya pili. Mmoja wao ulikuwa huu. Aliuandika pamoja na Neil Peng na James Schamus. Filamu ilitengenezwa kwa kama dola milioni 1 tu, ikaingiza zaidi ya milioni 20 duniani, na kule Berlin ikapata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha, ikigawana na filamu nyingine ya China. Huwa nakumbuka ile miaka 6 ya jikoni kila ninapomwona Simon na kisu chake. Aliyeandika yale anajua kazi ya nyumbani ni nini.

Kisa chenyewe kinaanza kwa kaseti. Mama Gao haandiki barua, anajirekodi sauti na kumtumia mwanawe, na Wai-Tung anamsikiliza kwenye vipokea sauti akiwa anainua vyuma kwenye ukumbi wa mazoezi. Jasho linamtoka, mama anaongea: baba yako anazeeka, lini utaoa, nimekuandikisha kwenye ofisi ya kutafutia watu wachumba, jaza fomu hii. Wai-Tung na Simon wanaijaza kwa masharti yasiyowezekana. Mwanamke awe mrefu, awe mwimbaji wa opera, awe na shahada 2 za udaktari, ajue lugha 5. Ofisi ile inampata! Dada wa watu anasafiri, anaketi mezani na kuimba, na inabainika kuwa naye ana mpenzi wake Mzungu ambaye wazazi wake hawamjui. Amekubali kuja ili wazazi wapumue. Hapo, kabla ya nusu saa kwisha, filamu imeshatuonyesha kwamba Wai-Tung si peke yake anayejificha. Kila kijana aliye mbali na nyumbani ana kitu ambacho hakimo kwenye kaseti.

Simon ndiye anayetoa wazo la ndoa ya karatasi. Wei-Wei anahitaji kibali cha kuishi Marekani, Wai-Tung anahitaji wazazi wanyamaze, kodi anayolipa serikalini nayo itapungua. Wanafikiri yataishia hapo. Wazazi wanapanda ndege na kuja na dola 30,000 za harusi.

Mwanzoni vijana wanajaribu kuibana sherehe. Wanaenda ofisi ya serikali, karani anaharakisha, anayatamka majina ya watu vibaya, dakika chache mambo yamekwisha. Mama Gao analia. Hilo ni tukio la kuchekesha na chozi lake ni la kweli kabisa, kwa sababu mama yule amesubiri siku hii tangu mwana akiwa tumboni. Kisha mgahawani anatokea mwenye mgahawa, Mzee Chen, aliyekuwa dereva wa Mzee Gao jeshini. Anamtambua bosi wake wa zamani, anasimama wima, na hakubali kabisa mtoto wa mkuu wake aozeshwe kimya kimya. Karamu anaibeba yeye.

Niliitazama karamu hiyo na mama mdogo wangu kule Kisauni, yeye akiwa kitandani na mguu uliofungwa plasta, mimi nikiwa na kompyuta mapajani. Mama mdogo ameshapika kwenye harusi zisizohesabika na amekuwa mpambaji wa bibi harusi tangu mimi sijazaliwa. Sikumweleza kisa kabla. Karamu ilipoanza alikaa sawa. Watu wanagonga vyombo, bwana harusi anabusishwa kwa nguvu, bibi harusi anafungwa macho, pombe inamiminwa, wakwe wanalia na kucheka. Baadaye wageni wanawavamia maharusi chumbani, wanakataa kutoka mpaka wawili hao waingie chini ya shuka na kuvua nguo zote wazitupe nje. Mama mdogo alicheka hadi akaushika mguu wake. "Hawa Wachina ni watu wetu," alisema. Kisha akauliza, "Na yule kijana Mzungu mbona wamemsahau pale pembeni?"

Nilitamani kumkumbatia. Watu wengi wanaoangalia tukio lile wanamezwa na kelele, na Ang Lee mwenyewe anaonekana kidogo katikati ya wageni, akimwambia Mzungu mmoja aliyeshangaa kwamba anachokiona ni matokeo ya miaka 5,000 ya kubana matamanio. Lakini kamera haimwachi Simon. Amevaa suti, ameketi, anapiga makofi panapotakiwa makofi. Hii ingekuwa harusi yake. Wageni wote wamelishwa, na aliyebuni mpango mzima hana hata mtu wa kumwambia hongera.

Usiku ule, pombe ikiwa kichwani, bwana na bibi harusi wanalala pamoja kweli, na Wei-Wei anapata mimba. Ndipo linapokuja tukio ninalolipenda kuliko yote. Ni asubuhi, familia iko mezani. Wai-Tung, Simon na Wei-Wei wanalumbana kuhusu mimba, usaliti na lini wazee wataondoka, na wanalumbana kwa Kiingereza, sauti juu, kwa imani kwamba wazee hawaelewi neno. Mzee Gao anaendelea kula. Mama Gao anaangalia nyuso. Mama mdogo wakati huo hakucheka. Alisema, "Huyo mzee anasikia." Hakuna aliyemwambia. Alimtazama tu jinsi anavyotafuna.

Na kweli mzee anasikia. Baada ya kupata kiharusi na kupona kidogo, anatembea na Simon siku ya kuzaliwa kwa Simon, wanakaa karibu na maji, na anamkabidhi bahasha nyekundu, ile ya Wachina ya kutilia pesa za heri. Anazungumza naye kwa Kiingereza. Anatazama, anasikia, anajifunza, anasema. Wai-Tung ni mwanawe, kwa hiyo Simon naye ni mwanawe. Halafu anamwomba asimwambie mtu, si Wai-Tung, si mama, si Wei-Wei. Wakati huo mama naye ameshaambiwa ukweli na mwanawe hospitalini, na sharti lake lilikuwa hilo hilo: baba asijue. Nyumba nzima inajua, na kila mmoja anamlinda mwenzake asijue.

Kuna watazamaji wanaoona bahasha ile ni ushindi mtupu. Mimi moyo wangu unagawanyika. Mzee Gao mwenyewe alikimbilia jeshini akiwa kijana kwa sababu baba yake alikuwa amemtafutia mke. Anajua vizuri kuburuzwa kuelekea ndoa. Baadaye akasikia kwamba ukoo wake wote uliobaki kwao umeangamia, na ndiyo sababu mjukuu kwake si pambo, ni uhai wa jina zima. Anasema wazi kwamba kama asingewaacha watu wamdanganye, asingempata mjukuu huyo. Kwa hiyo alijua na akanyamaza, na kunyamaza kwake kulimpa alichotaka. Ni mapenzi, sikatai, na yalimgusa Simon kwa haki. Lakini siri aliyoachiwa Simon ni mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza. Alikuwa anaficha mapenzi yake kwa wazee; sasa anaficha pia kwamba Mzee Gao anajua, na anamficha mtu anayelala naye kitanda kimoja. Filamu inaniacha na uzito huo bila kuutatua, na naiheshimu kwa hilo.

Nikiiweka pembeni ya La Cage aux Folles ndipo tofauti inanidhihirikia. Ile ilianza kama mchezo wa jukwaani wa Jean Poiret, Paris mwaka 1973, ikawa filamu ya Ufaransa na Italia mwaka 1978, na mwaka 1996 Mike Nichols akaitengeneza upya Marekani kwa jina la The Birdcage, Robin Williams na Nathan Lane wakiwa wanandoa wenye klabu ya usiku huko Miami. Kijana waliyemlea anataka kuoa, wazazi wa binti ni wahafidhina, baba mtu mwanasiasa, na lazima nyumba isafishwe kila dalili. Hapa tena picha zinashushwa, vyombo vinafichwa, na mtu mmoja anaambiwa asionekane. Mtu huyo ni Albert, aliyemlea kijana kama mama.

Lane anaucheza uchungu wa Albert vizuri mno. Kuna pale mkahawani Armand, mwenzake anayechezwa na Williams, anapomfundisha kupaka kitu kwenye mkate kiume, kipande kinavunjika na yeye anavunjika nacho, halafu anafundishwa kutembea kama John Wayne, yule mwigizaji wa zamani wa filamu za macowboy. Anatembea. Armand anamtazama na kukiri kwamba ni sawasawa, ila hakuwahi kutambua kuwa John Wayne alitembea hivyo. Kichekesho hicho hakimdhalilishi Albert hata kidogo. Kinachovuliwa nguo pale ni uanaume wenyewe, tunauona kuwa nao una mwendo wake wa kujifunza. Filamu ilivuna zaidi ya dola milioni 180 duniani, na ni wazi walioiona hawakuwa mashoga peke yao. Lane mwenyewe alikuwa bado hajasema hadharani kuwa ni shoga. Alisema mwaka 1999. Kwa hiyo mwaka ule alikuwa anaigiza mtu anayefichwa wakati yeye mwenyewe anachagua maneno kwenye mahojiano.

Ila mwisho wa The Birdcage ni rahisi kwangu. Wigi linavuliwa, ukweli unajulikana, waandishi wa habari wako mlangoni, seneta anavalishwa gauni ili atoroke, halafu kila mtu yuko kwenye arusi. Nilicheka kama wengine. Baadaye nilijiuliza kama kijana yule aliwahi kumwomba Albert radhi inayolingana na alichomtendea.

Kabla ya hizo zote kulikuwa na Some Like It Hot ya Billy Wilder, 1959. Wanamuziki 2 wanaume wanavaa kike kuwakimbia majambazi. Hollywood wakati huo ilikuwa na kanuni zake za maadili, zilizoandikwa 1930 na kusimamiwa kwa mkono wa chuma tangu 1934, na mapenzi ya jinsia moja hayakuruhusiwa hata kuashiriwa. Wilder aliitoa filamu bila muhuri wa wasimamizi, watu wakajaa majumbani mwa sinema. Mwishoni Jack Lemmon, mmoja wa wanamuziki hao, anavua wigi lake mbele ya tajiri anayetaka kumuoa na kumwambia mimi ni mwanamume, na tajiri, bila kushtuka, anajibu kwamba hakuna aliyekamilika. Si filamu kuhusu mashoga. Lakini kwa sentensi ile moja mlango ulibaki wazi.

Kwa upande wa wanawake naiweka mbele Saving Face ya Alice Wu, 2004. Wil ni daktari wa upasuaji mjini New York, anampenda Vivian, mcheza dansi. Mama yake, mjane wa miaka 48, anapata mimba, hamtaji mwenye mimba, na babu anamfukuza nyumbani kwa aibu. Mama anahamia kwa binti. Kila mmoja ana mtu anayemficha, na kitanda kimeingia katikati. Ninachoipendea filamu hii ni kwamba aibu inawapiga wote wawili kwa fimbo ile ile: jamii ya Kichina ya Flushing, mtaa wa New York, wanaokutana kila Ijumaa kucheza dansi na kuchunguza mabinti wa watu. Mtoto wa kike anayempenda mwanamke na mama mtu mzima aliyepata mimba bila mume wanakaa sebule moja, wanatazama tamthilia moja, na wanachelewa sana kutambua kwamba wako upande mmoja.

Mama huyo anachezwa na Joan Chen. Mwaka 2025 Andrew Ahn aliitengeneza upya The Wedding Banquet, akiandika pamoja na yule yule James Schamus, na Joan Chen yumo tena kama mama wa binti anayempenda mwanamke. Safari hii mama anajivunia mtoto wake mno, anapokea tuzo jukwaani kwa kuwa mzazi mwema wa msagaji, na binti anakunja uso kwa sababu anakumbuka miaka ambayo mama huyo huyo hakuwa hivyo. Mwigizaji mmoja, miaka 21 katikati, kutoka mama anayekataa hadi mama anayeshangilia kupita kiasi. Na bibi kutoka Korea, anayechezwa na Youn Yuh-jung, akishaingia tu ndani ya nyumba iliyofagiliwa ushahidi wote, hachukui muda kuujua ukweli. Hakuna kiharusi, hakuna bahasha ya siri. Vuta nikuvute inahamia kwingine: kama ndoa inaruhusiwa na sheria na nyumbani wanajua, mbona bado mnaogopa kuahidiana? Nilikosa pale ile karamu ya mwaka 1993, ambayo hakuna mtu atakayeirudia. Lakini swali jipya ni la haki.

Taiwan aliyotoka Mzee Gao ilikuwa ya kwanza Asia kuruhusu ndoa za jinsia moja. Sheria ilianza kutumika tarehe 24 Mei 2019. Siku hiyo hiyo, tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyofanya mapenzi ya wanaume wawili kuwa kosa, kifungo chake kikifika miaka 14. Wengine walikuwa kwenye foleni ya kuandikisha ndoa Taipei, wengine wanalia nje ya mahakama yetu. Niliziona picha zote mbili siku moja.

Mwaka uliotangulia tulikuwa na Rafiki ya Wanuri Kahiu. Si kichekesho, ingawa Mama Atim na kibanda chake cha chakula na umbea wanachekesha kweli. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wapinzani, wanapendana katikati ya mabango ya kampeni za baba zao. Bodi ya filamu iliipiga marufuku Aprili 2018, wiki chache kabla haijaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ikiwa filamu ya kwanza ndefu ya Kenya kufika pale. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa abadili mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Septemba mahakama iliruhusu ionyeshwe siku 7. Watu walijipanga mchana kweupe Nairobi, tiketi zikaisha, na siku hizo zilipokwisha marufuku ikarudi.

Huwa naufikiria ule ubishi juu ya mwisho. Wangelia, wangekufa, wangetubu, pengine kibali kingetoka. Kilichowakera ni furaha. Na Kahiu amekuwa akiitetea furaha hiyo kwa miaka, akisema sanaa ya Mwafrika ina haki ya kuwa na rangi, michezo na mapenzi bila kubeba vita na maradhi kila mara.

Kwetu mwanamume aliyevaa dera na kuvuta sauti ameshachekesha watu tangu michezo ya jukwaani hadi video fupi za simu. Anaingia, analegeza mkono, ukumbi unaanguka. Hakuna anayemkamata. Basi kucheka tunaruhusiwa, ila mtu huyo hana nyumba, hana mama, hana mwenzake anayemsubiri na chakula mezani. Yuko pale kwa dakika 3 za kuchekwa kisha anaondoka. Ninachokitaka ni kichekesho kinachomfuata hadi kwake.

Na malighafi tunayo tele. Kamati ya harusi yenye mweka hazina asiyeeleweka. Kundi la WhatsApp la michango lenye mashangazi kumi na wanne na mjomba anayetuma sauti za dakika tano. Wazee wanaokwenda kupeleka posa Lamu huku bwana harusi anatokwa na jasho. Rafiki wa bwana harusi anayekodi viti, anayelipa gari la bibi harusi, anayebishana na mpishi kuhusu pilau, na mama mzazi anayemtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Mama mdogo, nilipomsimulia, aliongeza kwamba lazima awepo na bibi mmoja anayejua kila kitu na anayejifanya kiziwi, na kwamba yuko tayari kumwigiza yeye mwenyewe mguu ukipona.

Kama wewe unayesoma hapa una mswada wa namna hiyo, hata kurasa kumi tu, nitumie. Nitausoma wote, na nitakuambia kwa uwazi palipochekesha na palipolegea.